Malalamiko ya Saa Nane Usiku

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, umekaa peke yake ndani ya faili ambalo hakuna mtu aliyelifungua tangu mwandishi wake alipoacha kazi:

mysqldump akiba | gzip > /bakapu/$(date +%F).sql.gz 2>/dev/null

Nilikuwa mgeni katika SACCOS moja ya Morogoro, wanachama wake wengi wakiwa walimu na wauguzi, na chumba cha seva kilikuwa chini ya mzee mmoja aliyekuwa akihesabu miezi ya kustaafu. Jina lake lilionekana kwenye karatasi za mishahara tu. Sote tulimwita Mzee. Siku hiyo mhasibu alikuja na ombi dogo. Alitaka kuona hesabu za mwanachama fulani zilivyosomeka kabla ya marekebisho ya mwezi uliopita. Bakapu zilifanyika kila usiku saa nane, kwa hiyo nikafungua folda na kuorodhesha mafaili. Yalikuwepo yote, yamepangwa kwa tarehe, hakuna siku iliyorukwa. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai ya rangi. Akanyoosha kidole kwenye safu ya ukubwa.

"Binti, hebu nisomee hapo."

"Ishirini, Mzee."

"Ishirini nini? Megabaiti?"

Baiti. Faili la jana lilikuwa na baiti 20, la juzi baiti 20, na kushuka hivyo hivyo mpaka wiki ile ambayo wakaguzi walipita na kuagiza maneno yote ya siri yabadilishwe. Kabla ya hapo mafaili yalikuwa na ukubwa wa kueleweka. Na baiti 20 si namba iliyojitokeza tu. Ukiipa gzip, programu ya kubana mafaili, bomba (ile alama | inayounganisha programu mbili) lisilo na kitu ndani, huandika kichwa chake cha baiti 10, kisha baiti 2 za kusema hakuna kilichobanwa, kisha baiti 8 za kuhakiki hicho kisichokuwepo. Ilitimiza wajibu wake kila usiku bila kukosa. Mpaka leo nikiingia ofisi ya watu na kuambiwa bakapu zao zinafanya kazi, kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye orodha ni hiyo ishirini.

Kilichotokea kilikuwa rahisi. Mysqldump, programu inayonakili kanzidata, ilikwenda na neno la siri la zamani, kanzidata ikaikatalia, nayo ikatoa kosa namba 1045 kwa sentensi iliyo wazi, ikimtaja hata mtumiaji aliyekataliwa. Ilisema hivyo kila usiku saa nane na hakuna aliyesikia. Fundi wa kampuni iliyotuuzia seva, tulipompigia, alitoa hukumu kabla sijamaliza kueleza: tatizo ni lile 2>/dev/null la mwishoni, kila mtu anajua hapo ndipo makosa hutupwa. Mzee akamshukuru, akakata simu, akatikisa kichwa.

"Hiyo amri ya kunyamazisha imefungwa kwa gzip. Mysqldump haihusiki nayo hata kidogo. Angalia iko upande gani wa bomba."

Alikuwa sahihi. Katika mlolongo wa programu zilizounganishwa kwa bomba, kila moja ina mikondo yake, na elekezo lililoandikwa kando ya programu ya mwisho linaihusu hiyo ya mwisho peke yake. Aliyeandika mstari ule alidhani amenyamazisha zote mbili, kumbe alikuwa amemziba mdomo yule ambaye hakuwa na la kusema. Malalamiko ya mysqldump yalitoka salama kabisa na kupokelewa na cron, ile programu inayoamsha kazi kwa saa. Nayo cron ina adabu ya zamani: chochote ambacho kazi imetamka, humtumia mwenye kazi kwa barua pepe. Seva yetu haikuwa na programu ya kupeleka barua. Basi cron ikaandika kwenye logi ya mfumo kwamba hakuna wa kupeleka barua na kwamba inayatupa maneno hayo. Tulipofungua logi ile tulikuta mstari huo umejirudia usiku baada ya usiku, umesimama pale kama mlinzi anayeripoti wizi kwa mwenye nyumba aliyesafiri.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kukamata makosa ya programu si suala la kujua alama gani uandike wapi. Alama zenyewe mtu anajifunza mchana mmoja. Kazi ni kufuatilia sentensi moja tangu inapotoka mdomoni mwa programu mpaka inapofika kwa mtu mwenye uwezo wa kufanya kitu, na kuhesabu milango yote inayopita njiani.

Mzee alikuwa na tabia ya kujibu swali dogo kwa historia ndefu, na hii aliipenda kuliko zote. Katika Unix na ukoo wake wote, Linux ikiwemo, kila programu inapoanzishwa hukuta mikondo mitatu imefunguliwa tayari: namba 0 ya kupokelea, namba 1 ya kutolea matokeo, namba 2 ya kulalamikia. Huu wa tatu haukuwepo tangu mwanzo. Unix ilianza Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Mabomba ya kuunganisha programu yakaingia mwaka 1973. Na kwa miaka kadhaa programu zilimwaga malalamiko mahali pale pale zilipomwaga matokeo. Doug McIlroy, ambaye wazo la mabomba lilikuwa lake, ameandika kwamba watu waliivumilia hali hiyo hadi toleo la sita, lile la mwaka 1975, na muda mfupi baadaye Dennis Ritchie akautenga mkondo wa makosa. Stephen Johnson, aliyetengeneza Yacc, yeye anakumbuka kisa chenyewe. Maabara ilikuwa na mtambo wa kupanga chapa kwa mwanga. Ukishamaliza kupanga, ulichukua utepe mpana wa karatasi na kuupitisha taratibu kwenye mashine ya kusafishia yenye harufu mbaya, ukasubiri dakika kadhaa. Alasiri moja watu kadhaa walisubiri namna hiyo, na karatasi zikatoka na mstari mmoja tu, umechapwa kwa herufi za kupendeza, ukisema kwamba faili fulani halikuweza kufunguliwa. Manung'uniko yakawafikia wanaohusika, na baada ya siku chache mkondo wa makosa ukazaliwa.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba kilihusu macho ya mtu. Wale watu walikuwa wamekaa mbele ya terminali zao. Walichotaka ni kwamba matokeo yaende kwenye mtambo, na malalamiko yabaki hapo walipo, wayaone papo hapo. Mkondo namba 2 uliundwa ukimlenga msomaji aliyekaa kwenye kiti. Skripti inayoamka saa nane usiku imemwondoa msomaji huyo kwenye kiti na haikuweka mwingine. Programu inalalamika vile vile, kwa imani ile ile kwamba kuna mtu hapo, na anayeandika skripti ndiye anayepaswa kuamua mtu huyo ni nani.

Baada ya kisa cha baiti 20, uongozi uliagiza matawi yote yakague bakapu zao. Fundi wa tawi moja alitupigia kwa fahari kusema kwamba yeye hatupi chochote. Alikuwa ameandika hivi:

mysqldump -u bakapu -pSIRI akiba > leo.sql 2>&1

Faili lilikuwa kubwa, la kutia moyo. Tulipojaribu kulirejesha kwenye kompyuta ya majaribio, MySQL ilikataa katika mstari wa kwanza kabisa kwa kosa namba 1064, yaani haielewi kilichoandikwa. Tukalifungua. Mstari wa kwanza haukuwa amri ya SQL. Ulikuwa onyo la mysqldump yenyewe, kwamba kuandika neno la siri kwenye mstari wa amri si salama. Onyo hilo lipo tangu MySQL 5.6, na ni la kweli, kwa sababu kwenye mashine yenye watumiaji wengi mwingine anaweza kuorodhesha programu zinazoendeshwa na kuliona. Lakini kwa kuwa mikondo yote miwili ilikuwa imeelekezwa kwenye faili moja, onyo likawa sehemu ya hesabu za wanachama. Ni kile kisa cha Bell Labs kimerudi, safari hii bila ile mashine yenye harufu.

Tungeweza kuufuta mstari wa kwanza na kuendelea, na ndivyo yule kijana wa tawi alivyopendekeza. Mzee hakukubali. Leo onyo limekaa juu ambapo linaonekana. Kesho muunganisho utakatika katikati ya kazi, na sentensi ya kulalamika itajipachika kati ya rekodi za watu ambapo hakuna atakayeitafuta. Neno la siri likahamishiwa kwenye faili la mipangilio linalosomwa na mwenyewe tu, matokeo yakapewa faili lake, na malalamiko yakapewa lake: > leo.sql 2> leo.makosa. Tukaongeza na jambo moja ambalo sikulijua: mysqldump ikimaliza salama huandika mstari wa maelezo mwishoni kwamba kazi imekamilika pamoja na tarehe. Skripti ikawa inasoma mkia wa faili kutafuta mstari huo. Usipokuwepo, faili halihesabiki kuwa bakapu hata likiwa na gigabaiti ngapi.

Kuhusu ile 2>&1 yenyewe, iliyokuja na shell (programu inayosoma amri) ya Stephen Bourne katika toleo la saba la Unix mwaka 1979, nimeona watu wazima wakibishana juu yake mpaka chai ikapoa. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na maana yake ni kwamba mkondo wa 2 uelekezwe pale ambapo mkondo wa 1 unaelekea kwa sasa. Hilo "kwa sasa" ndilo linalowaponyoka wengi. Ukiandika > faili 2>&1, mkondo wa 1 umeshageuzwa kuelekea faili, na wa 2 unaufuata. Ukiandika 2>&1 > faili, wa 2 umeufuata wa 1 ulipokuwa bado unaelekea kwenye skrini, kisha wa 1 ukaondoka peke yake. Mpangilio huu wa pili watu huuita kosa, ingawa una matumizi mazuri: ukitaka malalamiko pekee yapite kwenye bomba huku matokeo yakienda kwenye faili, hivyo ndivyo unavyoandika.

Nirudi kwenye bomba, kwa sababu lilikuwa na siri nyingine. Kila programu ikimaliza huacha namba ya kuaga. Sifuri ni salama. Namba nyingine yoyote, mpaka 255, ina habari yake. Ile 127 ni shell kusema haikuipata programu uliyoitaja, na huipata sana skripti iliyofanya kazi vizuri mchana kisha ikashindwa usiku, kwa kuwa cron huanza na orodha fupi ya mahali pa kutafutia programu. Ile 126 ni programu imeonekana ila haina ruhusa ya kuendeshwa. Ile 137 ni 128 ukijumlisha 9, yaani programu imeuawa kwa nguvu, na kwenye seva ndogo zenye RAM ya kubahatisha muuaji mara nyingi ni Linux yenyewe inayotafuta nafasi. Programu iliyouawa hivyo haiandiki chochote kwenye mkondo wa makosa; haikupata nafasi. Anayesoma maneno tu bila namba hataliona tukio hilo.

Sasa, programu mbili zikiunganishwa kwa bomba, shell kwa kawaida huripoti namba ya ile ya mwisho tu. Katika mstari wetu, mysqldump ilishindwa, gzip ikafaulu kubana utupu, na jumla ya ripoti ikawa sifuri. Hata kama kungekuwa na mtu anayekagua namba kila asubuhi, angeambiwa kila kitu kiko sawa. Katika bash dawa ni set -o pipefail, inayoufanya mlolongo mzima uhesabike umeshindwa kiungo chochote kikishindwa. Siku hizi sikubali skripti ya bakapu isiyo na maneno hayo juu kabisa.

Tusidhani haya ni ya SACCOS ndogo za mikoani. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilipoteza data kwa njia ambayo Mzee angeitambua mara moja. Mhandisi wao, usiku akihangaika na seva mbili za kanzidata, alifuta folda kwenye seva isiyostahili. Takriban gigabaiti 300 zikaondoka kabla hajaizuia amri. Wakakimbilia bakapu za kila siku. Mahali pa kuhifadhia palikuwa patupu. Pg_dump, ndugu wa mysqldump, iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati kanzidata yenyewe ilikuwa 9.6, na pg_dump ya zamani hukataa kazi ya namna hiyo na kutoa kosa. Kosa lilitolewa. Cron ilituma barua pepe za kuarifu. Barua hizo zikakataliwa na upande wa kupokea kwa sababu hazikuwa na saini iliyotakiwa na kanuni ya DMARC. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya tukio, kwa shughuli nyingine kabisa. Yote haya wameyaeleza wenyewe hadharani, hata kazi ya kurejesha waliirusha moja kwa moja YouTube, na kwa hilo nawaheshimu. Kinachonigusa ni idadi ya milango: programu ilisema, skripti ikapokea, cron ikapeleka, na sentensi ikafia kwenye kizingiti cha mwisho.

Mtu akishasikia visa hivi hurukia upande wa pili. Huandika kwamba herufi yoyote ikitokea kwenye mkondo wa makosa, king'ora kilie. Nimeishi na king'ora cha namna hiyo na sikipendekezi. Mkondo namba 2 jina lake ni la makosa lakini programu nyingi huutumia kwa mazungumzo ya kawaida. Curl huandika humo maendeleo ya kupakua. Git husema humo imefikia asilimia ngapi. Java ukiiuliza toleo lake kwa -version hujibu humo humo. Zina sababu: mkondo wa 1 huenda umebeba data yenyewe, na porojo haziruhusiwi kuingia kwenye data. Upande wa namba za kuaga nao haujanyooka. Grep hutoa 1 ikiwa haikupata ulichotafuta, na 2 ikiwa imeshindwa kazi. Diff hutoa 1 mafaili yakitofautiana, jambo ambalo huenda ndilo ulilotarajia. Kila programu lazima uisome maelezo yake. Hakuna njia ya mkato hapa, na anayekuambia ipo hajawahi kuamshwa usiku na curl.

Ffmpeg, programu ya kugeuza video, ndiyo bingwa wa porojo hizo, na ndiyo iliyonipeleka Mwanza. Studio moja ya kurekodi harusi ilikuwa na kijana mwerevu aliyeandika programu ya Python inayoiendesha ffmpeg kugeuza video kuwa ndogo za kutumwa kwa simu. Vipande vifupi vya kionjo vilipita vizuri. Video kamili ya harusi, kuanzia saluni hadi keki, ilikwama kila mara baada ya dakika kadhaa: hakuna kosa, hakuna ujumbe, kichakato kimetulia kabisa, faili limeishia katikati. Wenyewe walikuwa wameshanunua RAM mpya na walikuwa wakifikiria kununua kompyuta.

"Dada, hii mashine inachoka," mwenye studio aliniambia. "Ikiona harusi ndefu inagoma."

Nikaichungulia ffmpeg iliyokwama kwa strace, chombo kinachoonyesha programu inamwomba nini mfumo. Ilikuwa imesimama kwenye mstari mmoja: write(2, na kuendelea. Ilikuwa inajaribu kuandika kwenye mkondo wa makosa na haiwezi. Kijana aliukamata mkondo huo kwa bomba, jambo zuri, ila programu yake ilikuwa inasubiri ffmpeg imalize kwanza ndipo isome. Bomba kwenye Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Ffmpeg hutoa mstari wa maendeleo karibu mara mbili kwa sekunde. Kionjo kilimalizika kabla bomba halijajaa, harusi haikumalizika. Bomba likajaa, ffmpeg ikalala ikisubiri mtu alipunguze, na Python ikalala ikisubiri ffmpeg imalize. Zingeweza kusubiriana hivyo mpaka wanandoa wapate wajukuu.

Nyaraka za Python zinaonya kuhusu mtego huu waziwazi, na dawa imo humo humo: tumia communicate, inayosoma mikondo yote miwili kwa pamoja wakati programu inaendelea, au subprocess.run yenye capture_output, iliyokuja na Python 3.7 mwaka 2018. Kwa kazi ndefu mimi hupendelea kuyaelekeza malalamiko kwenye faili la kawaida. Faili halijai haraka, na programu ikifa ghafla maneno ya mwisho yamebaki kwenye faili.

Faili hilo ukiliunganisha na matokeo, hata hivyo, usiuamini mpangilio wake. Programu ikiandika kwenye skrini hutoa mstari mmoja mmoja. Ikiandika kwenye faili hukusanya matokeo mpaka yafike kiasi fulani ndipo iyamwage kwa pamoja, wakati malalamiko hutoka papo hapo. Kwa hiyo kwenye logi ya pamoja lalamiko linaweza kutangulia kazi iliyolisababisha. Mtu husoma kwamba hitilafu ilitokea kwenye rekodi ya Juma kumbe ni ya Asha, iliyokuwa bado imesubiri kwenye foleni ya kumwagwa.

Somo jingine lilitoka Bujumbura, kwa mwenzetu aliyechukua skripti iliyokuwa ikizunguka kati yetu mafundi, mwandishi wake wa kwanza hajulikani. Skripti ilisubiri faili la miamala lifike kutoka benki. Ikijaribu kulifungua na kukuta maneno "No such file or directory", ilielewa kwamba faili halijafika, ikalala dakika kumi na kujaribu tena. Kosa jingine lolote liliamsha watu. Seva ya Bujumbura ilikuwa imewekwa Kifaransa, na Linux ikasema kwa upole "Aucun fichier ou dossier de ce type". Skripti haikutambua sentensi hiyo, ikaamsha watu, usiku kucha. Yule mwenzetu alituandikia asubuhi kwa Kiswahili chenye hasira na Kifaransa chenye hasira zaidi. Unaweza kuweka LC_ALL=C mbele ya amri na programu ikarudi kwenye lugha yake ya asili, na ndivyo tulivyofanya siku ile. Ila dawa ya kweli ilikuwa kuacha kabisa kusikiliza maneno ili kufanya uamuzi. Skripti iangalie kwanza kama faili lipo, kisha iamue kwa namba. Maneno imwachie binadamu, ambaye ndiye aliyeandikiwa.

Na binadamu huyo, kwetu, yuko kwenye simu. Barua pepe za seva hakuna anayezisoma, ila SMS husomwa hata msibani. Meseji moja ina nafasi ya herufi 160, na ukiketi kuamua nini kiingie humo unajikuta unaandika upya wazo lako lote la kukamata makosa. Mimi huanza na jina la seva na jina la kazi, kisha namba ya kuaga, kisha maneno ya programu yenyewe bila kuyapamba. Skripti zinazokamata sentensi kamili ya programu kisha zikamtumia mtu "Hitilafu imetokea, wasiliana na msimamizi" huniudhi kuliko zile zisizokamata chochote, hasa kwa kuwa msimamizi ndiye aliyetumiwa. Maneno gani sasa, ya mwanzo au ya mwisho? Python huweka kiini cha tatizo kwenye mstari wa mwisho. Mtafsiri wa lugha ya C, kama gcc, huwa wa maana zaidi kwenye kosa la kwanza, mengine mengi yakiwa ni mwangwi wake. Java huzika chanzo mbali chini. Kwa mysqldump na ndugu zake mistari miwili ya mwisho inatosha. Sentensi nzima inabaki kwenye faili, na njia ya faili hilo huwekwa kwenye meseji iwapo herufi zimebaki.

Kuna kitu cha kuchuja kabla ya kutuma. Programu ikilalamika wakati mwingine huirudia amri iliyopewa, pamoja na neno la siri lililokuwemo, na SMS ikishatoka hairudi. Tulilibaini hilo kwenye majaribio, namshukuru Mungu.

Kilichotuchukua muda mrefu zaidi kukikubali ni kwamba kuna kushindwa kusikokuwa na mkondo wowote. Umeme ukikatika saa saba na nusu na betri ya UPS ikaisha, saa nane skripti haiamki, na skripti isiyoamka haina namba 2 ya kulalamikia. Ukiwa umezoea kwamba kimya ni salama, asubuhi hiyo utakunywa chai yako kwa raha. Kwa hiyo tukaweka kompyuta nyingine, kwenye jengo jingine, yenye kazi moja: kila siku saa kumi na mbili asubuhi inatafuta alama kwamba bakapu ya usiku ilikamilika na ule mstari wa mwisho upo. Isipoiona, yenyewe ndiyo inayotuma meseji.

Mzee alistaafu mfumo huo ukiwa umesimama. Mwenyekiti wa bodi, alipoelezwa jinsi unavyofanya kazi, aliomba namba yake nayo iingizwe kwenye orodha ya wapokeaji, kwani ni mali ya wanachama na yeye ndiye anayewajibika kwao. Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba orodha ina watu wawili, na wote wawili wana ufunguo wa chumba cha seva. Yeye ataletewa kila mwezi karatasi moja inayoonyesha kwamba bakapu imerejeshwa kwenye mashine ya majaribio na hesabu zikalingana. Alikubali. Ila tukikutana kwenye mkutano mkuu bado hunivuta pembeni kuniuliza, mama, mbona simu yangu hailii, mna hakika hiyo mitambo inafanya kazi?